Medali za wakati wa Mobutu: ile iliyo ndani ya valizi ya muzee inasema nini?

Kila mara familia inapokimbia na kurudi, kuna vitu vinavyotoka chini ya valizi: kadi ya ubatizo, karatasi ya shamba, picha ya ndoa, na mara moja moja kipande cha chuma chenye utepe uliochakaa. Vijana wanauliza: hii ni nini? Iko na bei? Muzee alikuwa soda wa Mobutu? Inaweza kutuletea pansio? Hapa tunaeleza juu ya medali na nishani za utawala wa Mobutu, tangu 1965 mpaka 1997, kwa sababu ndizo zinazochanganya watu sana hapa Masisi na Walikale.

Zoea la kumtundikia mtu chuma halikuanza na Mobutu. Wakati ya Wabelgiji, shefu aliyekubaliwa na serkali alipewa medali yake ya kuvaa, na raia walijua kwa kuiona kwamba huyu ndiye mzungu anamtambua. Yule aliyekuwa shefu kwa damu na kwa mila lakini hana medali, mbele ya serkali alikuwa mtu wa kawaida. Wanajeshi wa Force Publique nao walipewa medali za vita: ile ya kwanza, ambamo waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na ile ya pili, walipopigana na Waitaliano Uhabeshi mwaka 1941. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita vile walikuwa wengi kupita wanajeshi, na wengi hawakurudi. Medali yao ni vigumu kuiona katika valizi yoyote. Kisha mwaka 1948 ikaja kadi ya mérite civique, kwa Waafrika ambao serkali ya koloni iliona wameishi kama inavyotaka yenyewe.

Kwa hiyo Mobutu alikuta kitu kimekwisha kuzoeleka. Alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, nchi ikiwa ingali inatoka katika vita vya Wasimba, na miezi sita baadaye, Mei 1966, akaanzisha Ordre National du Léopard. Jina hilo halikuwa la bure. Kwetu huku ngozi ya chui ni kitu cha mwami, si kila mtu anajifunika nayo. Kwa kuweka chui katika nishani ya taifa, na kuvaa kofia ya ngozi ya chui yeye mwenyewe, alikuwa anasema kwamba mwami wa nchi nzima sasa ni mmoja. Mwaka huohuo, tarehe 30 Juni 1966, akamtangaza Patrice Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Ni Lumumba yuleyule ambaye masoda wa Mobutu walimkamata Desemba 1960, akauawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mtu aweze kumfunga mwenzake, kisha kumpa heshima akiwa amekufa: hiyo peke yake inaonyesha heshima ilikuwa inatoka mkononi mwa nani.

Léopard ina daraja tano. Kutoka chini kupanda: Chevalier, Officier, Commandeur, Grand Officier na Grand Cordon. Kwa mtu anayeshika moja mkononi leo, njia nyepesi ya kutambua ni namna ilivyokuwa inavaliwa. Medali ndogo yenye utepe wa kifuani ni ya Chevalier. Utepe ukiwa na kaua ka kitambaa katikati, ni ya Officier. Ikiwa utepe ni mrefu wa kuzunguka shingo, ni Commandeur. Hapo juu zaidi ni nyota kubwa ya kubandika kifuani, na kwa wakubwa kabisa ule mshipi mpana unaopita begani. Hizo za juu zilikwenda kwa mawaziri, wajenerali na wageni wenye kuongoza nchi nyingine. Kijijini, ukiikuta, itakuwa ile ya kifuani.

Kando ya Léopard kulikuwa medali nyingine ambazo ndizo watu wa kawaida waliweza kuzipata. Masoda walikuwa na Croix de la Bravoure Militaire, msalaba wa aliyeonyesha ujasiri vitani, na Mérite Militaire, kwa aliyetumika vizuri. Raia walikuwa na Mérite Civique ya dhahabu, ya feza na ya bronzi: mwalimu, infirmiye, karani, mtu wa kazi ya serkali aliyedumu. Na tuseme wazi kwa wale wanaopeleka medali kwa wanunuzi wa dhahabu: hiyo dhahabu kwa kawaida ni rangi ya juu tu.

Halafu kuna kosa linalorudi sana. Si kila chuma cha wakati ule ni medali. Kuna ile épinglette, kale kabati kadogo ka kubandika kwenye abacost, yenye picha ya Mobutu au mkono ulioshika mwenge, alama ya MPR. Ile haikuwa tuzo. Kila mkubwa wa zone, kila mwalimu mkuu, kila mtu aliyetaka kuonekana mwema kwa chama aliivaa. Nyuma yake ina pini tu, haina utepe. Ukiikuta, muzee hakupewa heshima. Alikuwa anaishi katika nchi ambamo kila raia alihesabiwa mwana-MPR tangu kuzaliwa, basi.

Sasa, zile za vita zilitolewa kwa vita gani? Wakati ya Mobutu vita havikukosekana. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliishika Bukavu tangu Agosti mpaka mwanzo wa Novemba, na jeshi la serkali likapigana kuirudisha. Mwaka 1977 ilikuwa Shaba, vita vinavyoitwa vya siku 80, ambavyo Mobutu alivimaliza kwa msaada wa Wamaroko. Mwaka 1978 ilikuwa Kolwezi, ambako maparakomando wa Ufaransa walishuka tarehe 19 Mei, na Wabelgiji kufuata. Baadhi ya Wafaransa wale walirudi kwao na misalaba ya Zaïre kifuani. Iko namna ya kucheka humo: nchi inaokolewa na wageni, kisha inawapa wageni medali ya ujasiri wake. Lakini tusidharau. Kulikuwa vijana wa Kivu katika jeshi lile waliopigana kweli, wakaumia kweli, na msalaba ule kwao haukuwa siasa.

Tatizo ni kwamba mkono uliotoa ndio uliondoa. Mfano unaojulikana na kila mpenda muziki ni Franco Luambo. Alipewa Léopard, mwaka 1978 akafungwa kwa ajili ya nyimbo zilizosemwa kuwa za matusi, na heshima zake zikanyang'anywa. Muda kidogo akarudi kuwa rafiki wa utawala. Hakukuwa na baraza lililosimama na kusema: ngoja, huyu alistahili au hakustahili.

Jirani yetu Uganda alikwenda mbali zaidi. Idi Amin alijipa mwenyewe nishani, mpaka akajiita Mshindi wa Ufalme wa Uingereza. Wavuvi wa Vitshumbi watakumbuka kwamba mwaka 1973 wakubwa hao wawili waligawana hata maziwa: Ziwa Edward likaitwa Idi Amin, Ziwa Albert likaitwa Mobutu. Ni ugonjwa uleule. Amin alipofukuzwa mwaka 1979 baada ya vita vya Kagera, medali zake zilikufa pamoja naye; leo Uganda inawapa medali ya Kagera wale waliopigana kumwondoa.

Kwetu, mwisho wa utawala ulionekana mapema. Jeshi lililojaa medali halikuwa linalipwa, na Septemba 1991 na tena Januari 1993 masoda walipora miji. Machi 1993 vita vikaanza sokoni Ntoto, katika Walikale, vikaenea Masisi yote, na maelfu ya watu wakafa. Julai mwaka ule Mobutu alikuja Goma na kutuma DSP, walinzi wake mwenyewe, na mapigano yakatulia kwa muda. Hakuna mtu wa hapa anayehitaji kuelezwa vile yalivyorudi.

Novemba 1996 AFDL ikaingia Goma. Wanajeshi wa FAZ walitupa tenu njiani, wakaomba nguo za raia. Hapa ndipo tunapopata jibu la swali ambalo familia nyingi zinauliza: kwa nini chuma kipo lakini karatasi yake haipo? Kila nishani ilitolewa pamoja na breve, karatasi yenye jina, daraja na tarehe. Chuma hakina jina. Karatasi inalo. Ukiwa na valizi mkononi na barrière iko mbele, unajua ni kipi cha kuchoma.

Na medali haikuwa mizani ya mtu. Jenerali Mahele alikuwa mkubwa wa jeshi la Mobutu mpaka siku ya mwisho. Usiku wa tarehe 16 Mei 1997 alijaribu kuzuia Kinshasa isigeuke uwanja wa vita, akauawa na masoda wa upande wake mwenyewe. Siku iliyofuata AFDL ikaingia.

Baadaye, wakati ya Joseph Kabila, taifa likapata nishani nyingine, Ordre National Héros Nationaux Kabila-Lumumba, ambayo ingali inatolewa, na kazi hiyo inasimamiwa na Chancellerie ya nishani za taifa huko Kinshasa.

Turudi kwa valizi. Pansio: medali peke yake haikupi pansio, iwe ya Léopard au nyingine. Pansio inafuata dosiye ya kazi, matrikile, miaka ya utumishi. Lakini breve inaweza kusaidia kuonyesha kwamba mtu alikuwa katika jeshi au kazi ya serkali mwaka fulani, na kwa mjane asiye na karatasi nyingine hilo si kitu kidogo. Kuivaa: mjukuu hana ruhusa. Nishani ni ya aliyepewa, na sheria ya makosa inakataza kuvaa hadharani isiyo yako. Kuiweka nyumbani hakuna shida.

Usiisugue kwa mchanga wala ndimu, rangi inatoka na maandishi yanafutika. Piga picha mbele na nyuma. Kama breve ipo, piga hiyo kwanza na umtumie ndugu aliye mbali, kwa maana simu nayo inaibiwa. Usiuze kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma. Na kama muzee angali hai, keti naye leo jioni, umuulize: ilikuwa mwaka gani, mji gani, nani alikubandikia, na wale waliosimama karibu yako katika mstari walikuwa akina nani. Andika majina yao.