Kishipi cha ndoana

Kishipi cha ndoana ni kipande kifupi cha mshipi mwembamba chenye ndoana upande mmoja na kitanzi upande wa pili, ambacho huunganishwa na mshipi mkuu wa kuvulia. Makala hii inahusu vishipi vifupi, vya sentimita 7 hadi 20 hivi, vinavyotumiwa Uingereza katika uvuvi wa burudani wa samaki wa maji baridi wasio wa jamii ya samoni na trauti. Miongoni mwa samaki hao ni kapi (Cyprinus carpio), rochi (Rutilus rutilus), brimu (Abramis brama) na tenchi (Tinca tinca). Kwa kawaida hurudishwa majini wakiwa hai baada ya kupimwa uzito, kwa hiyo kila kifaa kinachogusa mdomo wa samaki hupimwa kwa maswali mawili: kinanasa vizuri? Na kinamwachia samaki afya yake?

Vishipi vilivyofungwa tayari huuzwa madukani kwa pakiti. Hata hivyo wavuvi wengi wa mashindano hujifungia vyao nyumbani, kwa sababu anayejifungia ndiye anayeamua urefu, unene wa mshipi, aina ya ndoana na ubora wa fundo.

Historia

Kabla ya nailoni, wavuvi wa Uingereza walifunga ndoana kwenye singa za mkia wa farasi. Izaak Walton, ambaye kitabu chake The Compleat Angler kilitoka mwaka 1653, aliandika katika zama hizo za singa. Baadaye singa zilipisha uzi uliotengenezwa kwa tezi za hariri za viwavi wa nondo wa hariri, ambao kitovu chake kikuu kilikuwa Murcia, Hispania. Uzi huo ulikuwa imara lakini mgumu ukiwa mkavu. Ilibidi ulowekwe kwanza ndipo ufungike bila kuvunjika, na kila kipande kilikuwa kifupi kwa maumbile yake. Ndoana zenyewe zilitoka zaidi katika mji wa Redditch, Worcestershire, uliojulikana kwa sindano na ndoana.

Kampuni ya DuPont ya Marekani ilitangaza nailoni mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nailoni ikauondoa uzi wa hariri sokoni. Mvuvi sasa angeweza kununua mita nyingi za mshipi wa unene uleule na kuukata kwa urefu autakao. Hapo kujifungia kishipi kukawa kazi ya meza ya nyumbani.

Badiliko jingine kubwa lilikuja na wavuvi wa kapi Lenny Middleton na Kevin Maddocks. Waliona kwamba kapi mwerevu huvuta chambo mdomoni, akihisi chuma hukitema. Basi wakakitoa chambo kwenye ndoana na kukitundika pembeni yake kwa unywele. Mbinu hiyo ilienea baada ya Maddocks kuchapisha kitabu chake Carp Fever mwaka 1981, na leo hutumiwa hata kwa vishipi vya sentimita 10 vya samaki wadogo.

Kazi ya kishipi

Kishipi hufanywa kimakusudi kuwa sehemu dhaifu kuliko zote katika mshipi. Mvuvi mwenye mshipi mkuu wa milimita 0.16, kwa mfano, huweka kishipi cha milimita 0.14 au 0.12. Ndoana ikikwama kwenye mzizi, au samaki akikimbilia matete kwa nguvu asizoweza kuzizuia mvuvi, kinachokatika ni kishipi. Boya, chubwi na mshipi mkuu hubaki mkononi mwa mvuvi, na samaki huondoka na ndoana ndogo na sentimita chache za uzi. Mshipi ukikatikia juu, samaki huburuta boya na machubwi, na anaweza kunaswa nayo kwenye mimea mpaka afe. Udhaifu huu unaopangwa ndio unaomlinda samaki, na fundo bovu huuharibu, kwa kuwa mvuvi hajui tena ni wapi mshipi utakatika wala kwa uzito gani.

Kazi ya pili ni wepesi wa kubadilisha. Ndoana ikipoteza makali, au samaki wakikataa chambo kwa sababu mshipi ni mnene, kishipi huvuliwa kitanzi kwa kitanzi na kingine kuvikwa bila kugusa boya.

Vifaa

Mshipi. Nailoni ya kawaida ni laini na hunyumbuka, kwa hiyo humsamehe mvuvi anayevuta kwa ghafla. Ipo pia nailoni iliyovutwa kiwandani, ambayo ni nyembamba zaidi kwa nguvu ileile lakini hainyumbuki sana, na mkwaruzo mdogo huidhoofisha upesi. Florokaboni ni nzito kuliko nailoni, huzama haraka na haionekani sana majini. Huwa ngumu, na fundo lake hudai uangalifu zaidi. Unene hupimwa kwa milimita, na kipimo hicho husaidia kulinganisha mishipi kuliko nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa sababu watengenezaji hawapimi nguvu kwa njia moja.

Ndoana. Namba ya ndoana ikizidi kuwa kubwa, ndoana inazidi kuwa ndogo: namba 22 ni ya funza mmoja, namba 12 ni ya punje nono ya mahindi matamu. Ziko za aina mbili kwa mwisho wa shina. Ndoana ya kichwa bapa imepondwa mwishoni ili kuzuia fundo lisichomoke. Ni nyepesi na hufaa chambo kidogo. Ndoana ya tundu ina duara la kupitishia mshipi, na hiyo ndiyo hutumiwa zaidi kwa chambo cha kutundikwa pembeni.

Ulinganifu wa kawaida ni huu:
- Ndoana namba 20 hadi 22 kwa mshipi wa milimita 0.08 hadi 0.10: rochi na samaki wadogo, hasa majira ya baridi maji yanapokuwa maangavu.
- Ndoana namba 16 hadi 18 kwa mshipi wa milimita 0.12 hadi 0.14: kapi wadogo, brimu na tenchi.
- Ndoana namba 12 hadi 14 kwa mshipi wa milimita 0.16 hadi 0.20: kapi wakubwa wa mabwawa ya kulipia.

Ndoana nene kwenye mshipi mwembamba hukata mshipi kabla haijapenya mdomo wa samaki. Ndoana nyembamba kwenye mshipi mnene hunyooka.

Zana. Mkasi mdogo wenye makali, rula, na ubao wenye misumari miwili vinatosha. Ziko pia zana ndogo za kufungia ndoana za kichwa bapa, na zinawafaa wenye vidole vizito au macho yaliyochoka.

Kufunga ndoana ya kichwa bapa

Kwa kishipi cha sentimita 10, hukatwa mshipi wa sentimita 30 hivi, maana fundo na kitanzi hula urefu.

1. Ndoana hushikwa kwenye mpindo kwa kidole gumba na cha shahada, kichwa bapa kikielekea nje.
2. Mwisho wa mshipi hukunjwa kuwa kitanzi kirefu, na kitanzi hicho hulazwa sambamba na shina.
3. Ncha fupi huzungushwa kubana shina na kitanzi pamoja, kuanzia karibu na kichwa bapa kuelekea mpindo. Mizunguko 7 au 8 hutosha, nayo ikae ubavu kwa ubavu bila kupandana.
4. Ncha hiyo hupitishwa ndani ya sehemu ya kitanzi iliyobaki wazi upande wa mpindo.
5. Upande mrefu huvutwa polepole mpaka kitanzi kifunge. Kabla ya kukaza, fundo hulowanishwa kwa mate, kwa sababu msuguano wa nailoni kavu huzaa joto linaloidhoofisha pale pale inapohitaji nguvu.
6. Mizunguko husukumwa kwa kucha mpaka iegemee kichwa bapa, kisha fundo hukazwa kwa mara ya mwisho na ncha hukatwa, ikiachwa milimita 1 hivi.

Kabla ya kuikubali kazi, mvuvi hutazama mshipi unatokea upande gani wa kichwa bapa. Sharti utokee mbele, yaani upande unaotazamana na ncha ya ndoana. Ukitokea nyuma, ukingo wa bapa huusaga mshipi kila unapovutwa, na ndoana huvutika kwa pembe mbaya. Ukiwa nyuma, mizunguko huzungushwa kwa kucha mpaka mshipi uje mbele. Ikishindikana, ndoana hufunguliwa na kufungwa upya.

Kufunga chambo cha pembeni

Hapa hutumika ndoana ya tundu. Kwanza hufungwa kitanzi kidogo mwishoni mwa mshipi, au hufungwa kipira kidogo cha kubania peleti, yaani punje ngumu ya chakula cha samaki, isiyotobolewa kwa ndoana. Ncha ya pili hupitishwa kwenye tundu, na mshipi huvutwa mpaka chambo kikae umbali unaotakiwa kutoka kwenye mpindo. Mshipi mrefu kisha huzungushwa kwenye shina mara 7 au 8 kuelekea mpindo, ukibana kile kipande cha mshipi kinachobeba chambo. Mwishowe hurudishwa kwenye tundu ukiingilia nyuma na kutokea upande wa ncha ya ndoana. Mwelekeo huo ndio unaoifanya ndoana igeuke na kuchoma mdomo wa chini samaki anapouvuta mshipi.

Kitanzi na kipimo

Kitanzi cha juu hufungwa kwa fundo la umbo la 8: mshipi hukunjwa mara mbili, husokotwa, kisha mkunjo hupitishwa katikati. Fundo hili hushikilia nguvu nyingi ya mshipi kuliko fundo la kawaida la kitanzi.

Urefu hupimwa kutoka mpindo wa ndoana mpaka mwisho wa kitanzi. Ubao wa misumari miwili iliyoachana sentimita 10 hurahisisha jambo: ndoana huning'inizwa kwenye msumari mmoja, na kitanzi hukazwa kikiwa kwenye msumari wa pili. Vishipi vyote vya siku hiyo hutoka sawa.

Usawa huu ni hoja nzito kuliko zote za kujifungia mwenyewe. Mvuvi wa ufito mrefu wa nyuzi kaboni hupima kina kwa chubwi maalumu anayoitundika kwenye ndoana, kisha hurekebisha boya mpaka chambo kiguse tope tu. Akivika kishipi kirefu zaidi kwa sentimita 2, chambo hulala chini na mshipi hulegea, naye samaki huweza kuvuta na kutema boya lisitikisike. Kikiwa kifupi zaidi, chambo huelea juu ya sakafu ambako samaki wanakula. Vishipi vikilingana, kina alichokipima asubuhi hubaki cha kweli hata akibadilisha ndoana mara kadhaa.

Kwa nini kifupi?

Kishipi kifupi humleta samaki karibu na uzito. Kwenye kikapu bapa cha chambo, ambacho hufungashwa peleti zilizolowekwa na kutupwa mpaka chini, kishipi huwa sentimita 10 au pungufu. Samaki hufyonza chambo katikati ya chakula kilichomwagika, hugeuka kuondoka, na baada ya sentimita hizo chache hukutana na uzito wa kikapu. Ndoana hujichoma yenyewe. Kikapu lazima kiwe huru kuchomoka endapo mshipi mkuu utakatika, ili samaki asibaki akikiburuta.

Kwenye ufito, kishipi cha sentimita 10 hadi 15 huruhusu chubwi ya mwisho ikae karibu na ndoana, na boya huonyesha mguso mapema. Lakini kifupi si dawa ya kila maji. Rochi wanaokula chambo kikiwa kinazama huhitaji kishipi kirefu kinachoshuka taratibu, na brimu wa mtoni wenye wasiwasi huvuliwa kwa nusu mita au zaidi.

Kusoma kishipi kilichokatika

Mwisho wa mshipi uliokatika hueleza kosa liko wapi. Ukijikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza: mizunguko ilikuwa michache au fundo halikukazwa. Ukiwa umekatika wima palipokuwa kichwa bapa, mshipi ulisagwa na ukingo. Ukikatikia katikati, ulikuwa na jeraha, na mvuvi angeligundua kwa kuupitisha taratibu juu ya ukucha baada ya kila samaki mkubwa.

Uhifadhi na sheria

Vishipi huhifadhiwa kwenye visanduku vyenye vishikizo, vikiwa vimenyooshwa na kuandikwa namba ya ndoana, unene na urefu. Huwekwa mbali na jua, kwa kuwa mwanga wake huidhoofisha nailoni.

England na Wales, anayevua samaki hawa mwenye umri wa miaka 13 au zaidi huhitaji leseni. Mito ya England hufungwa kwa uvuvi huu kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, samaki wanapozaa. Mabwawa mengi hubaki wazi. Machubwi mengi ya risasi yalipigwa marufuku mwaka 1987 kwa sababu ya batamaji waliokufa kwa sumu. Wamiliki wengi wa mabwawa hudai ndoana zisizo na kijino cha kurudi nyuma, kwa kuwa hutoka bila kuchana mdomo, na baadhi hukataza vishipi vya uzi wa kusokotwa. Kwa hiyo kanuni za bwawa husomwa kabla ya kufunga ndoana ya kwanza.

Vipande vya mshipi vinavyobaki hukusanywa na kukatwakatwa vidogo kabla ya kutupwa, maana uzi mrefu hunasa miguu ya ndege. Kishipi chenye shaka yoyote hutupwa pamoja navyo. Kipya hugharimu mshipi mfupi na dakika chache, wakati kibovu humgharimu samaki.