Magati ya Kilindini na Njia ya Bara

Kabla ya 1926, meli kubwa iliyofika Kilindini, Mombasa, haikuegeshwa ukingoni. Ilitia nanga katikati ya maji, matishari yakaijia ubavuni, na kila robota la pamba ya Uganda likahamishwa mara mbili: pwani hadi tisharini, tisharini hadi melini. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, hivyo mzigo uliwahi pwani upesi, kisha ukangoja. Magati mawili ya kwanza ya maji marefu yalipomalizika mwaka 1926, meli zikaanza kufungwa ukingoni kabisa. Bandari ya kale, upande wa pili wa kisiwa, ikabakiwa na majahazi.

Gati halibebi mzigo lenyewe. Waliobeba walikuwa makuli, wengi wao vibarua wa kutwa: meli ikiwapo wana riziki, isipokuwapo wanalala njaa. Historia ya bandari hii ikisimuliwa kwa saruji na chuma peke yake, watu hawa hupotea, na ni dhuluma, kwa maana ndio waliowalazimisha wakubwa kuitazama kazi yao. Waligoma 1939. Januari 1947 mgomo ukaenea mji mzima, na Chege Kibachia akawa sauti ya wafanyakazi. Machi 1955 waligoma tena, na kijana Tom Mboya akasaidia kuleta suluhu iliyowapandishia mshahara.

Mwaka uliofuata, Aprili 1956, huko Marekani meli Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston na makasha 58 ya chuma. Makuli wa Mombasa hawangeweza kujua kwamba makasha yale ndiyo yangekuja kuwaondoa. Kazi iliyohitaji genge la watu ndani ya ngama ikawa ya dereva mmoja wa kreni.

Kontena zilianza kuzoeleka Kilindini wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, 1977. Mwaka 1978 Kenya ikaunda Halmashauri yake ya Bandari, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 magati ya 16 hadi 18 yakawa kituo cha kontena. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kupakua haraka si kuondosha haraka. Kontena zilishuka, zikarundikana uani zikingoja mabehewa na malori. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, iliyofunguliwa 1984, ilikusudiwa kuupunguza mrundikano huo.

Fedha nyingi zaidi zilikuja karne hii. Mlango wa bandari ulichimbwa hadi kina cha mita 15, kazi ikaisha 2012. Gati namba 19 likafunguliwa 2013. Kisha, kwa mkopo wa Japani, kikajengwa kituo cha pili cha kontena: awamu ya kwanza 2016, ya pili 2022. Mwaka 2014 bandari ilipitisha kontena milioni moja kwa kipimo cha futi 20. 2024 ikafikia milioni mbili.

Lakini reli mpya ya Nairobi, iliyozinduliwa 2017, ilikuwa na deni la China la kulipa. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba kontena za kwenda bara zisafirishwe kwa reli. Madereva, wenye malori na wenye yadi za kontena waliona riziki yao ikipandishwa treni. Wakaandamana Mombasa wiki baada ya wiki. Naona walikuwa na haki ya kulalamika: hesabu ya deni ilipigwa, hesabu ya mji ulioishi kwa bandari haikupigwa. Amri iliondolewa Septemba 2022, baada ya serikali kubadilika.

Reli yenyewe ilipita Nairobi ikaishia karibu na Naivasha. Kontena ya Kampala iliyofika huko ililazimika kushushwa, ipakiwe upya kwenye lori au kwenye mabehewa ya reli ile ya mkoloni.