Habari za Bustani za Shule katika Masasi na Newala

Mara nyingi sisi walimu huulizwa, "Fedha za bustani ya shule zitatoka wapi?" Swali hilo ni jema, wala hatulidharau. Walakini tukizitazama habari za zamani za nchi yetu, twaona ya kuwa liko swali jingine linalotangulia, nalo ni hili: maji yatatoka wapi, na ni nani atakayeyachukua? Bustani nyingi zimekufa huku daftari la michango limejaa majina.

Tuanze na Masasi. Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja akaja Lindi, na pamoja naye watu waliokombolewa katika utumwa, wanaume kwa wanawake, wapatao hamsini na zaidi. Nia yake ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, maana wengi asili yao ni huko. Hata walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, wakaiona nchi kuwa njema, wakapenda kukaa papo hapo. Wakajenga, wakalima. Basi kanisa, shule na shamba vilizaliwa pamoja. Fedha za kazi ile zilitoka kwa Wakristo wa Uingereza, waliotoa sadaka zao kwa misioni ya U.M.C.A.; lakini jembe lilikuwa mikononi mwa watu wa kijiji, na chakula kilikuwa chao wenyewe. Jambo hili tulishike, kwa kuwa tutalirudia.

Mwezi wa Septemba 1882 Wamagwangwara walikishambulia kijiji kile, wakawaua watu, wakawachukua wengine mateka. Baada ya msiba huo kazi ya misioni ikahamia Newala, karibu na Matola, jumbe wa Wayao. Masasi ilirudiwa baadaye, hata mwezi wa Agosti 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, misioni ikachomwa moto. Ikajengwa tena.

Lakini waliohamia Newala walikuta shida ya namna nyingine. Masasi iko chini. Newala iko juu, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, penye upepo na baridi, na udongo wa mchanga ulio mwepesi. Mvua hunyesha vizuri, kisha maji huzama chini yakapotea. Chemchemi ziko mabondeni, nao wanawake hushuka mteremko na kupanda tena na mzigo kichwani. Katika mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala akaandika habari za wenyeji, na shida hii ya maji haikumpita. Yeye ndiye aliyeandika masimulizi ya Wamakonde ya kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, nayo ikawa mwanamke, mkewe. Wakazaa watoto bondeni karibu na mto, nao wakazaliwa wafu. Walipopanda juu, mtoto akazaliwa hai. Kwa hiyo wazee wakakataa kukaa karibu na maji mengi. Tusiwacheke. Mabonde yana homa, na katika siku za uvamizi ule msitu wa juu ulikuwa ngome. Wazee walinunua usalama wao, na bei yake ilikuwa maji. Bei hiyo imelipwa na mama zetu na dada zetu kwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye shule. Katika mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dokta Aggrey wa Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Tume hiyo ilisema shule za vijijini zifundishe kilimo na afya, si kusoma na kuandika tu. Serikali ya Uingereza ikatangaza shauri lake la elimu mwaka 1925 kwa njia iyo hiyo, na tangu hapo bustani ikawa ni somo kama hesabu. Masasi ilipata kuwa dayosisi mwaka 1926, chini ya Askofu Vincent Lucas. Shauri la bustani lilikuwa la busara. Ila katika vijiji vya uwandani somo la bustani halikuweza kuwa somo la jembe peke yake, maana kila tuta lilitaka maji, na maji yalikuwa bondeni. Mtoto aliyetoka nyumbani kusoma akajikuta ni mchukuzi.

Katika miaka ya 1950 ulianza mradi mkubwa wa kuyapandisha maji kwa mashine mpaka juu ya uwanda. Ulikuwa msaada mkubwa. Lakini mashine hutaka mafuta na vipuli, na bomba likikauka, ndoo hurudi kichwani. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba lililo sehemu ya maisha ya shule. Shabaha ilikuwa njema. Lakini sisi tuliofundisha twajua jinsi jambo jema liwezavyo kuharibika: shamba likigeuzwa kuwa adhabu, au mavuno yake yasipoonekana mezani pa watoto, mtoto hujifunza kulichukia jembe. Tofauti yake na kijiji kile cha mwaka 1876 ni hiyo tu, kwamba wao walikula walichokilima.

Katika shule moja tuliyofundisha tulikusanya fedha tukanunua mbegu za madukani, majembe na waya wa uzio. Mwezi wa Juni mchicha ulipendeza hata wageni wakausifu. Mwezi wa Septemba palikuwa na uzio mzuri sana uliozunguka vumbi. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulianza na kilicho rahisi kununuliwa. Tena wasichana ndio waliotumwa bondeni siku zote, nao wakachelewa masomo ya asubuhi. Hili ndilo linalotuuma mpaka leo.

Basi na tuhesabu. Tuta la mita 1 kwa mita 5 hutaka karibu debe moja la maji kila siku ya kiangazi, yaani lita 20. Matuta 10 ni lita 200 kwa siku, na kwa siku 90 ni lita 18,000. Hakuna watoto wa kuchukua maji hayo kichwani wakabaki wanafunzi. Lakini milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ya bati ni lita 1. Paa la mita 20 kwa mita 8 likipata mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,600, ukiacha kinachomwagika. Tangi la lita 20,000 laweza kujaa kwa mwezi mmoja wa masika mema. Kwa hiyo fedha ziende kwanza kwenye mabati, mifereji na tangi, na matuta yawe 10, si 40.

Na wa kutoa ni nani? Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2002, na tangu 2016 michango ya lazima katika shule za serikali imekatazwa. Ni haki, maana mtoto hafukuzwi tena kwa umaskini wa babaye. Lakini mchango wa hiari haukukatazwa, nao una majira yake. Katika Masasi na Newala fedha huonekana korosho zinapouzwa, kuanzia Oktoba. Mzee akiombwa mwezi wa Machi, ghala lake likikaribia kuisha, atatoa ahadi. Akiombwa Novemba atatoa shilingi, na tangi laweza kujengwa kabla mvua hazijakolea. Asiye na mkorosho alete mchanga na kokoto, na fundi wa kijiji atoe siku zake. Vyote viandikwe katika daftari moja na fedha, kisha lisomwe mbele ya wazazi wote.

Mbegu ziombwe mwisho. Za mchicha, bamia, kunde na maboga zimo majumbani mwa mama zetu, zimefungwa katika vitambaa juu ya meko.