Safu ya Lugha: Masafa

Katika maelezo ya vile vipimamvua viwekwavyo milimani, mbali na umeme, vikatuma habari zake kwa mawimbi hafifu, huandikwa kwamba chombo hutumia masafa ya megahezi 868, na mstari wa pili kwamba masafa yake ni kilomita 10. Msomaji atajuaje lipi ni lipi? Neno hili asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni mwendo ulio baina ya mahali na mahali. Watu wa redio ndio waliolihamishia kwenye wimbi, hata tukapata masafa mafupi, ambayo, ajabu, ndiyo yaliyotuletea sauti ya London hadi Unguja, kwa kuwa ufupi ule ni wa wimbi, si wa safari. Basi megahezi tuziachie masafa, maana redio imekwisha yazoea, na kilomita tuziite umbali.

Mtambo wa redio wa LoRa, utumikao katika vyombo kama hivyo vya milimani, na uliobuniwa Grenoble, Ufaransa, hufika mbali kwa kusema polepole na machache, kisha hulala, betri ikadumu miaka. Na aandikaye kwamba una “masafa yenye nguvu” amezidi kuchanganya: huko Ulaya nguvu zake kwa kawaida ni milivati 25 tu.