Umbali na Muda: Historia ya Njia ya Anga kati ya London na Nairobi

Umbali kati ya kiwanja cha ndege cha Heathrow, London, na kile cha Jomo Kenyatta, Nairobi, ni takriban kilomita 6,800 ukipimwa kwa duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kufuatwa juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Historia ya njia hiyo, hata hivyo, inadhihirisha kwamba muda wa safari uliamuliwa zaidi na mahali ambapo ndege ililazimika, au iliruhusiwa, kupita na kutua.

Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipoanzisha huduma ya kila wiki hadi Mwanza mnamo Februari 1931, njia yake ilifuata Mto Nile, ambako maji na vituo vya utawala wa Kiingereza vilirahisisha kutua na kujaza mafuta. Kati ya Aleksandria na Kairo safari iliendelea kwa reli, kisha kwa ndege ya magurudumu hadi Khartoum, na kutoka hapo kwa ndege ya majini, ambayo kiwiliwili chake huelea kama mashua, hadi Ziwa Victoria. Njia iliporefushwa hadi Cape Town mwaka 1932 ikipitia Nairobi, abiria, ambao kwa kawaida walilala hotelini usiku kwa kuwa ndege ziliruka mchana tu, walifika Nairobi baada ya karibu wiki moja, ilhali meli ya kwenda Mombasa ilichukua majuma matatu hivi.

Mwaka 1937 ndege za majini zilianza kwenda Durban zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na Nairobi, isiyokuwa na ziwa la kutosha, ikaachwa kando. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hadi 1950, abiria wa ndege za majini waliokwenda Nairobi walishukia Ziwa Naivasha na kumalizia safari kwa barabara.

Injini za jeti zilibadili hesabu hiyo, lakini si mara moja. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya huko hupunguza nguvu ya injini na ya mabawa, hivyo ndege inayoondoka haiwezi kubeba mafuta mengi kama ingeondokea pwani. Kiwanja cha Embakasi, ndicho cha Jomo Kenyatta cha leo, kilichojengwa kwa kazi ya lazima ya wafungwa wa Mau Mau na kufunguliwa mwaka 1958, kilitoa njia ndefu ya kurukia, na ndege ya VC10, iliyobuniwa kwa viwanja vya juu na vya joto, ilitumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuanzia 1966.

Leo safari isiyo na kituo huchukua saa nane na nusu hadi tisa. Hata hivyo, vita vilipoifunga anga ya Sudan mnamo Aprili 2023, ndege zililazimika kulizunguka bonde lilelile la Nile lililokuwa mhimili wa njia, na muda ukarefuka kwa sababu ya siasa, si ya ufundi.