Tegu wa Dagaa Hana Mpaka

Ziwa Victoria limegawanywa kati ya Tanzania, Kenya na Uganda, lakini dagaa wake ni yule yule, aitwe omena huko Kisumu au mukene huko Jinja. Na tegu amsumbuaye, ligula, ni yule yule pia.

Adui huyu si wa leo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle wa Uyunani alieleza juu ya mnyoo anayewadhoofisha samaki na kuwapandisha juu ya maji wafe kwa joto. Maelezo yanayofanana mno na ligula. Mwaka 1758 Linnaeus wa Sweden alimpa tegu huyo jina la kitaalamu.

Mayai yake huingia ziwani kwa kinyesi cha mnandi na ndege wenzake. Mtoto wa mnyoo humezwa na kidudu kidogo mno cha majini, na kidudu huliwa na dagaa. Hapo tegu hutoboa utumbo, akakua hata akalijaza tumbo. Lililo baya zaidi, humzuia dagaa asipevuke: yu hai, lakini hazai. Tena huelea karibu na uso wa maji, mnandi akamdaka kwa urahisi. Makao ya mwisho ya tegu huyu ni ndege, si binadamu.

Tangu miaka ya 1980, sangara alipowamaliza furu wengi, dagaa amekuwa kitoweo cha wanyonge wa nchi zote tatu. Mwaka 1994 nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa uvuvi. Basi wanaopima matundu ya nyavu hawana budi kupasua pia matumbo ya dagaa, na kupashana habari.