Kinga ya moto wa nyumbani kwa wazee

Kinga ya moto wa nyumbani kwa wazee ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili moto usizuke katika nyumba wanamoishi watu wenye umri mkubwa, na ili waweze kutoka salama endapo utazuka. Nchini Marekani, uwezekano wa mtu mwenye miaka 65 au zaidi kufa kwa moto ni zaidi ya mara mbili ya wastani wa watu wote.

Sababu za hatari

Uzee hupunguza uwezo wa kunusa, kusikia na kuona, hivyo mzee anaweza kuchelewa kutambua moshi au gesi inayovuja. Maumivu ya viungo humfanya atembee polepole, na baadhi ya dawa humletea usingizi mzito. Usahaulifu unaweza kumfanya aache chungu jikoni. Tena ngozi ya mzee ni nyembamba, kwa hiyo huungua haraka na kupona taratibu. Katika mioto mingi ya nyumbani, moshi ndio unaoua kabla ya miali kufika.

Vyanzo vya moto na namna ya kujikinga

Jikoni: Mpishi asiondoke wakati mafuta yako motoni. Nguo zinazoning'inia, kama ncha za kanga au mikono mipana, zifungwe vizuri. Mafuta yakishika moto, sufuria hufunikwa na jiko kuzimwa; maji hayamwagwi, kwa sababu hurusha mafuta yanayowaka. 

Gesi: Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutanda karibu na sakafu. Harufu yake ikisikika, mtungi hufungwa na milango hufunguliwa, bila kuwasha wala kuzima swichi yoyote.

Mkaa: Jiko la mkaa halifai kuwekwa chumbani usiku kwa ajili ya joto. Mbali na kuunguza, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu isiyo na harufu.

Taa, udi na dawa ya mbu: Kibatari, mshumaa, chetezo na dawa ya mbu ya kuchoma huwekwa juu ya kitu kisichoungua, walau mita moja kutoka kwenye chandarua, pazia na godoro.

Umeme: Waya zilizochunika hubadilishwa, hazipitishwi chini ya zulia, na soketi moja haibebeshwi vyombo vingi.

Sigara: Kuvuta sigara kitandani ni hatari kubwa, hasa kwa mgonjwa anayetumia oksijeni, kwa kuwa oksijeni huufanya moto uwake kwa kasi.

Ving'ora vya moshi

King'ora cha moshi hufungwa darini au juu ukutani, ndani ya vyumba vya kulala na nje yake. Hujaribiwa kila mwezi na hubadilishwa baada ya miaka 10. Ving'ora vya kawaida hutoa sauti kali ya takriban hezi 3,000, ambayo wazee wengi hawaisikii vizuri. Sauti nzito zaidi ya hezi 520 huwaamsha kwa urahisi zaidi.

Kujiokoa

Familia hupanga mapema njia mbili za kutoka. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki madirisha yana nondo na milango hufungwa kwa kufuli. Kwa hiyo ufunguo huwekwa mahali pamoja panapojulikana, karibu na mlango. Mzee hulala chumba cha chini panapowezekana, na miwani, fimbo, tochi na simu huwa karibu na kitanda. Moshi ukijaa, mtu hutembea ameinama. Akishatoka harudi ndani kuchukua mali.

Nguo ikishika moto, mtu husimama, hulala chini na kubingirika. Asiyeweza kulala hufunikwa kwa blanketi zito. Sehemu iliyoungua hupozwa kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupakwa mafuta wala dawa ya meno.

Nchini Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Nchini Kenya hutumika 999 au 112.

Elimu kwa wazee

Shirika la Marekani la NFPA, lililoanzishwa mwaka 1896, lilikuwa na mpango ulioitwa Remembering When wenye jumbe 16 kwa wazee: 8 kuhusu moto na 8 kuhusu kuanguka. Pasipo mipango ya namna hiyo, jukumu hubaki kwa watoto, wajukuu na majirani, ambao wanaweza kukagua nyumba ya mzee kila wanapomtembelea.